Seva pacha si bakapu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalogusa SACCOS, zahanati, shule, mamlaka za maji na kila ofisi ambayo siku hizi daftari lake la karatasi limepisha kompyuta. Ukiuliza data za watu zinalindwa vipi, aghalabu utajibiwa: "Usiwe na wasiwasi, tuna seva mbili." Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inapokea kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza. Wajumbe wanaafiki, mkaguzi anaweka alama ya vema, kikao kinahamia ajenda nyingine.

Wanaojibu hivyo wanaamini wanachosema, na ndiyo maana nimeona niandike. Seva ya pili, ambayo nitaiita pacha, inawakinga na kifo cha mashine ya kwanza. Amri mbaya haiizuii, inaitekeleza. Kinga ya hapo ni bakapu, yaani nakala ya data ya wakati fulani iliyowekwa kando.

Tazama hapa. Karani wa mfumo anataka kusahihisha salio la mwanachama mmoja. Anaandika UPDATE akaunti SET salio = 0, kisha kabla ya kuandika sehemu ya WHERE inayotaja namba ya mwanachama anaweka nukta-mkato na kubonyeza Enter. Kanzidata, yaani programu inayotunza data hizo, haimuulizi kama ana hakika. Inamjibu UPDATE 4812, maana yake mistari 4,812 imebadilishwa. Kwenye mtandao wa ofisi moja, badiliko hilo limeshafika kwa pacha kabla karani hajainua kidole. Sasa ziko seva mbili, zote zinasema wanachama wote hawana hata senti, na hakuna hata moja ya kuuliza jana ilikuwaje.

Kosa hilo lina kinga isiyogharimu kitu. Kila anayeandika amri kwa mkono aanze na BEGIN, atazame idadi ya mistari iliyoguswa, ikiwa moja aandike COMMIT kuthibitisha, ikiwa 4,812 aandike ROLLBACK kutengua. Kwenye MySQL afungue programu kwa mysql --safe-updates, ambayo hukataa UPDATE au DELETE isiyo na WHERE inayotumia faharasa (orodha ya kutafutia mistari) wala LIMIT (kikomo cha mistari). Lakini ofisi haiwezi kuendeshwa kwa kutumaini kwamba hakuna atakayesahau.

Programu ninazozungumzia ni PostgreSQL, MySQL na MariaDB. Ya kwanza chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Ya pili ilianzia Sweden mwaka 1995. Ya tatu ilichipuka kutoka ya pili mwaka 2009. Zote ni programu huria, hazina ada ya leseni, na zimeingia katika maisha yetu kuliko wengi wanavyofahamu. OpenMRS, mfumo wa majalada ya wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hutunza data zake kwenye MySQL. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayokusanya takwimu za afya Kenya na Tanzania, hutegemea PostgreSQL. Kwa hiyo tatizo halipo kwenye bei ya programu. Fedha huenda kwenye mashine ya pili, halafu saa za mtu wa kuisimamia hazilipwi.

Pacha hufanya kazi hivi. PostgreSQL, kabla ya kugusa majedwali yenyewe, huandika kila badiliko kwenye daftari liitwalo WAL, lililokatwa vipande vya megabaiti 16. Pacha hulisoma daftari hilo kupitia mtandao na kurudia kila kilichoandikwa, kwa mpangilio uleule. MySQL na MariaDB zina daftari lao la kurudufishia (kunakilia mabadiliko kwa pacha), yaani binlogi. Msomaji wa daftari hana maoni. Likiandikwa "futa", anafuta.

Anayetaka kuona mambo haya yakitokea kwa watu wenye ujuzi na vifaa vya kutosha asome taarifa ambayo GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, yenyewe iliichapisha kuhusu usiku wa Januari 31, 2017. Pacha yao ya PostgreSQL ilikuwa imeachwa nyuma, kwa sababu seva kuu ilikuwa imeshafuta vipande vya WAL ambavyo pacha ilikuwa bado inavihitaji. Fundi akaamua kuijenga pacha upya. Amri ya pg_basebackup, inayonakili kanzidata nzima, ikakaa kimya bila kuonyesha chochote, naye akadhani folda ya data kwenye pacha inaleta kizuizi. Akaifuta. Alipotambua kwamba dirisha alilokuwa akiandikia ni la seva kuu, sekunde moja mbili zilikuwa zimepita, na katika takriban gigabaiti 300 zilibaki gigabaiti 4.5.

Basi wakazifuata bakapu zao. Ile ya kila siku ilitumia pg_dump, programu inayotoa data za kanzidata kwenye faili, ya toleo 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa 9.6, na pg_dump ya zamani hukataa kusoma seva mpya kuliko yenyewe. Ilikuwa ikishindwa kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na seva ya kupokea barua, hivyo hakuna aliyejua. Hifadhi ya mbali ilipofunguliwa ilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mmoja wao alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data za saa hizo sita hazikurudi.

Msomaji aangalie mpangilio wa mambo. Kilichoanza kuharibika ni urudufishaji, na jitihada za kuutengeneza ndizo zilizofuta seva kuu. Bakapu ndizo zilizopaswa kuokoa, nazo zilikuwa zimekufa kimyakimya. Vidonda vyote hivyo vipo kwenye ofisi zetu.

Nianze na hicho cha kufa kimyakimya, maana ndicho ninachokiona kuwa kibaya kuliko vyote. Wengi huweka mstari wa namna hii kwenye cron, programu inayoendesha amri kwa saa iliyopangwa:

0 2 * * * pg_dump sacco | gzip > /hifadhi/sacco-$(date +%F).sql.gz

Unaonekana safi. Ukiuandika kwenye terminali unafanya kazi. Kwenye cron haufanyi, kwa sababu humo alama ya asilimia ina maana ya mwisho wa mstari. Amri inakatwa katikati na hakuna faili linalotokea. Anayelijua hilo huandika \% na kuendelea, kisha anaingia shimo la pili. Nywila ikibadilishwa, pg_dump hushindwa, lakini gzip, programu ya kubana iliyo upande wa kulia, hupokea maji matupu, huyafunga vizuri na kuripoti mafanikio. Kila asubuhi kuna faili jipya lenye tarehe sahihi. Ukilitazama kwa ls -l lina baiti 20. Hizo ni baiti za kifuniko cha gzip. Ndani hamna kitu.

Dawa yake: amri isikae ndani ya cron, ikae kwenye faili la hati linaloanza na #!/bin/bash na chini yake set -euo pipefail, ili kushindwa kwa upande wowote kuhesabike ni kushindwa kwa kazi nzima. Tumia pg_dump -Fc, ambayo hubana data yenyewe na kukuwezesha kurejesha jedwali moja bila kugusa mengine. Ongeza pg_dumpall --globals-only, kwa sababu pg_dump haibebi watumiaji na nywila zao, na wengi hugundua hilo siku ya kurejesha. Hati ilinganishe ukubwa wa faili la leo na la jana. Likipungua kwa nusu ipige kelele. Na ujumbe utumwe kila siku kazi inapofanikiwa. Ukisubiri ujumbe wa kushindwa, siku njia ya ujumbe itakapokatika utadhani mambo ni shwari. Ujumbe wa mafanikio ukikosekana saa moja asubuhi, hiyo ndiyo kengele.

Kwa MySQL na MariaDB, mysqldump ipewe --single-transaction, --routines na --events. La kwanza hupata picha moja ya data bila kufunga majedwali, ila kwa majedwali ya aina ya InnoDB peke yake. Mifumo ya zamani yenye majedwali ya aina ya MyISAM haina kinga hiyo na ni bora yahamishwe. Mawili ya mwisho yasipoandikwa, taratibu na matukio yaliyopangwa ndani ya kanzidata hayaingii kwenye bakapu, na hakuna onyo.

Bakapu ya saa nane usiku peke yake inamaanisha kosa la saa kumi jioni linafuta kazi ya siku nzima. Kwa benki ndogo au zahanati hiyo ni hasara kubwa. Hapa ndipo daftari la WAL linapoleta faida ambayo pacha haina. Chukua nakala kamili kwa pg_basebackup mara moja kwa wiki, kisha washa archive_mode na uandike archive_command inayopeleka kila kipande cha WAL kwenye mashine nyingine. Ukiwa na hivyo viwili unaiambia PostgreSQL, kwa recovery_target_time, irudi hadi saa 9:58 alasiri, dakika mbili kabla ya ile amri isiyo na WHERE. Weka archive_timeout sekunde 300 ili ofisi yenye shughuli chache isisubiri hadi megabaiti 16 zijae. Gharama yake ni vipande visivyozidi 288 kwa siku kwa sababu ya kikomo hicho, karibu gigabaiti 4.6 kabla ya kubanwa, na vipande ambavyo havijajaa hubanika sana. Diski ya kawaida inabeba miezi.

Nakala moja ikae nje ya jengo, na isimbwe (igeuzwe isomeke kwa ufunguo tu) kabla ya kutoka. Flashi ya majina ya wagonjwa mfukoni mwa dereva ni suala la sheria: Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Ufunguo wa kusimbua usikae kwenye seva ileile inayobakapiwa.

Sasa pacha yenyewe, maana sisemi isijengwe. Ijengwe, kwa kazi yake. Kwenye seva kuu ya PostgreSQL, tangu toleo la 10 wal_level tayari ni replica na max_wal_senders ni 10, kwa hiyo kilichobaki ni kidogo: tengeneza mtumiaji mwenye haki ya REPLICATION, ongeza kwenye pg_hba.conf, faili la wanaoruhusiwa kuunganishwa, mstari wa host replication wenye anwani ya pacha peke yake na scram-sha-256, njia ya kuhakiki nywila, kisha upande wa pacha endesha:

pg_basebackup -h 10.0.0.11 -U mrudufu -D /var/lib/postgresql/data -X stream -C -S pacha1 -R -P -c fast

Hiyo -R huandika faili la standby.signal na maelezo ya kuunganisha. -P huonyesha maendeleo, na -c fast huiambia seva kuu isingoje wakati wake wa kawaida wa kumwaga data kwenye diski. Ni ule ukimya uliomponza fundi wa GitLab. -C na -S hutengeneza nafasi ya kurudufishia iitwayo pacha1, ambayo huilazimisha seva kuu kutofuta kipande chochote cha WAL ambacho pacha haijakisoma.

Nafasi hiyo inatibu ugonjwa na inaleta mwingine. Pacha ikizimwa kwa matengenezo, ikasahaulika wiki mbili, seva kuu inaendelea kuitunzia vipande. Folda ya pg_wal inavimba hadi diski inajaa, na PostgreSQL inazimika. Ofisi imeangushwa na mashine ambayo haikuwa hata imewashwa. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size. Iandikie kikomo, mathalani 20GB, ukikubali kwamba kikivukwa itabidi pacha ijengwe upya. Na kila siku tazama pg_replication_slots: nafasi ambayo active yake ni f (haitumiki) na haina mwenyewe, ifutwe kwa pg_drop_replication_slot.

Diski ikijaa usiku, mtu mwenye haraka huingia na kuanza kufuta. Hadi toleo la 9.6 folda hiyo iliitwa pg_xlog, watu wakaifuta wakidhani ni logi za kawaida, wakaua kanzidata nzima. Ndiyo sababu mojawapo ya jina kubadilishwa kuwa pg_wal mwaka 2017. Usifute chochote humo kwa mkono, kamwe. Ongeza diski, au acha mapema faili la gigabaiti 2 lisilo na kazi kwenye diski hiyo, ulifute siku ya dhiki upate pumzi.

Pacha iwe na mfumo endeshi uleule na toleo lilelile. Mwaka 2018 glibc 2.28, maktaba ya msingi ya Linux, ilibadilisha mpangilio wa kialfabeti wa maneno. Seva kuu ikiwa kwenye Linux ya Debian 9 na pacha kwenye Debian 10, faharasa za maandishi zilizopangwa kwa kanuni ya zamani zinasomwa kwa kanuni mpya. Mwanachama yupo kwenye jedwali lakini ukimtafuta kwa jina hapatikani. Hakuna ujumbe wa kosa.

Wengine hutaka usalama zaidi, wanawasha urudufishaji wa kusubiriana, kwamba COMMIT isikamilike hadi pacha ikiri imepokea. Ni sahihi kwa fedha, lakini ukiwa na pacha moja tu, siku inapokufa seva kuu nayo inaganda kwenye kila COMMIT. Njia hiyo inataka pacha mbili na synchronous_standby_names = 'ANY 1 (pacha1, pacha2)'.

Upande wa MySQL, makosa matatu hujirudia. Mtu ananakili mashine pepe nzima kutengeneza pacha, server_id inabaki ileile na faili la auto.cnf linabeba utambulisho uleule. Seva mbili zenye jina moja hazirudufishiani. Badili server_id, futa auto.cnf kwenye nakala, washa upya. Pili, pacha inawekwa read_only lakini msimamizi mwenye haki za juu bado anaweza kuandika, naye siku moja anaandika, weka super_read_only. Tatu, na hili linauma: urudufishaji ukisimama kwa kosa la ufunguo uliojirudia, fundi anaruka tukio hilo kwa sql_slave_skip_counter na taa inarudi kijani. Kuanzia hapo pacha ina data tofauti na seva kuu, na kila anayeitumia anadanganywa. Ikisimama, tafuta sababu au ijenge upya. Tena msichanganye MySQL na MariaDB kwenye jozi moja. Utaratibu wao wa GTID, yaani namba za kutambulisha miamala, haufanani.

Kuhusu pacha kujipandisha yenyewe kuwa seva kuu, nawaomba wenye seva mbili waache. Mtandao kati yao ukikatika, kila moja inaona mwenzake amekufa, zote zinapokea malipo, na siku mtandao unaporudi kuna vitabu viwili vya ukweli. Oktoba 21, 2018, mawasiliano ya GitHub, kampuni nyingine ya kuhifadhi misimbo ya programu, kati ya kituo kimoja cha mtandao na kituo cha data, mashariki mwa Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Mfumo wao wa kujiendesha ukahamishia seva kuu za MySQL upande wa magharibi, wakati mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayajavuka. Kuyapatanisha na kurudisha huduma kulichukua saa 24 na dakika 11. Hao walikuwa na timu nzima ya kazi hiyo. Ofisi ya mafundi wawili iandike hatua kwenye karatasi, iibandike ukutani: thibitisha seva kuu imezimwa, chomoa waya wake wa mtandao, endesha SELECT pg_promote(); kwenye pacha, elekeza programu kwenye anwani mpya. Mashine ya zamani isirudishwe mtandaoni hadi imepitishwa pg_rewind, amri ya kuirudisha ilingane na seva kuu mpya, ambayo inahitaji wal_log_hints au data checksums ziwe ziliwashwa tangu mwanzo, au imejengwa upya.

Mwisho ni kurejesha. Mara moja kwa mwezi, chukua bakapu ya usiku wa kuamkia leo, ipeleke kwenye kompyuta yoyote isiyo na kitu, irejeshe kwa pg_restore -j 4, pima kwa saa ya ukutani imechukua muda gani. Kisha hesabu mistari ya jedwali la miamala, jumlisha masalio, linganisha na ripoti ya kufunga siku iliyotiwa saini jana jioni. Shilingi kwa shilingi. Andika tarehe, muda na aliyefanya kwenye daftari la karatasi.

Wanachama wa SACCOS na wajumbe wa bodi za hospitali wanaosoma gazeti hili hawahitaji kujua WAL ni nini. Katika mkutano ujao waombe kuletewa daftari hilo mezani, walifungue ukurasa wa mwisho, wasome tarehe.

Wako,
Msimamizi wa kanzidata,
Morogoro